Kontrepwa Yenye Ilibaki Tshangalele

Likasi, Kikula, tarehe 4 mwezi ya tatu 2024

Noëlla, mujukulu yangu kule Kalemie,

Nakusalimia mbele ya kukasirika, juu salamu haijakosa kitu. Sitauliza kama uko muzima. Muntu mwenye anaandika barua ya kuomba chuma, huyo ni muzima.

Hapa tuko, Mungu anatulinda. Mama Suzanne, jirani yetu, alizaa mutoto munene sana, hata muganga alicheka. Upepo ilibeba mabati ya kanisa. Siku ya Mungu tunaomba na ambrela juu ya kichwa. Pasta anasema ni majaribu. Minye nasema ni misumari ya bei ya chini. Kuran ya taa inakuya usiku na kuondoka asubui, kama bwana ya wenyewe. Mahindi yangu nyuma ya nyumba imekomaa, na goti ya kushoto inaniuma tu wakati kuna kazi.

Sasa tuingie mu neno yako. Umeandika: "Nkambo, uende kwa Tshimanga umuombe ile kontrepwa." Mustari moja tu. Kama vile unanituma chumvi ku duka.

Weye unajua Tshimanga ni nani, lakini nitakukumbusha, juu naona Kalemie inasahaulisha. Ni mudogo ya nkambo yako Théodore. Na huyo nkambo yako, bwana yangu, Mungu amuweke pazuri, alifungua ile motere ya ndeke, ile ndogo ya kuruka na bantu bili, juu ya meza yangu ya kulia. Mwaka muzima tulikulaka bukari juu ya kitanda, sahani ku magoti, juu meza ilikuwa ya motere. Eugène, mwenye Théodore alimufundisha kazi na mwenye leo ni patron yako, alibaki na mwili ya motere kule Kalemie. Huku Théodore alibaki na chuma zake za kuzunguka, rotor bili na kontrepwa bili, ya mbele na ya nyuma. Anazipima, anazisugua, anaziweka pamoja, anaangalia, anaanza tena. Nikimuita kulala anasema, "Bado hazijasikilizana." Kisha akakufa, zikiwa pale juu ya meza.

Siku ya kumaliza kilio bazee ya jamaa bakakaa bakagawanya. Koti kwa huyu, baiskeli kwa yule. Bakafika ku meza. Nikasema: "Hizi ni kitu moja, haigawanyike." Tshimanga akanijibu mbele ya bantu yote: "Shemeki, mujane anakaa kimya wakati jamaa inasema." Weye ulikuwa pale lakini ulikuwa unalia. Minye sikulia, nilisikia. Bakanipa rotor bili. Tshimanga akasema juu ziko na pembe tatu zitanifaa kukalisha chungu ku moto. Bakakupa weye kontrepwa ya mbele juu ulisoma ufundi. Na yeye akajibebea ya nyuma, ile kubwa, juu hiyo njo ilikuwa kubwa. Bakapeana mikono. Motere moja, bantu tatu, kila muntu na chuma yake, bakaona ni haki.

Ile siku nilisema sitakanyaga tena kiwanja ya Tshimanga. Rotor zangu nilikupa uzitumie, nazo uko nazo. Hiyo ingine ujiombee mwenyewe. Na unieleze ni chuma gani hii, hata muzee kama minye aende kuinama mbele ya muvuvi ya ziwa ya Tshangalele.

Usinipigie telefone juu ya hii. Mu telefone muntu akikosa jibu anasema "allo, allo, sikusikie". Karatasi haikose rezo ya telefone. Parfait, shofere ya kamyo, anapita hapa akienda kwenu; atabeba na atarudisha.

Nkambo yako Hélène Mbombo, mwenye hajapika juu ya rotor hata siku moja.


Kalemie, tarehe 29 mwezi ya tatu 2024

Nkambo yangu Hélène,

Nakusalimia na heshima yote, na goti yako pia naisalimia. Parfait alichelewa, kamyo ilikwama mu matope njia ya Manono. Alifika na barua yako ndani ya shati, imekauka muzuri. Yeye mwenyewe alikuwa amelowa.

Hapa niko salama. Ziwa imetulia. Estelle, mwenye tunapanga naye chumba, ameanza kushona nguo za ndoa yake na chumba yote ni vitambaa, napita kama paka. Nakula muzuri, usiulize.

Uliniuliza ni chuma gani. Nitakueleza vile Nkambo Théodore alinielezaka.

Motere yetu haina pistoni. Iko na rotor bili za pembe tatu. Sasa rotor haizunguke sawa katikati ya shafti. Inazunguka imeenda pembeni kidogo, kama muntu mwenye anacheza na mutoto upande moja ya kiuno. Ukiiacha hivyo, motere itajirusha huku na kule mpaka ijivunje. Njo juu ya hiyo tunaweka kontrepwa ku mwisho ya shafti, moja mbele, moja nyuma. Kontrepwa ni chuma nene upande moja na nyembamba upande ingine. Ule unene njo kazi yake. Rotor ikivuta huku, unene unavuta kule, na motere inatulia.

Lakini lazima bilingane. Kila rotor iko na herufi ya uzito, imepigwa ku chuma. Zako zote bili ni C, ni kama mapacha. Na kontrepwa zilitengenezwa kwa rotor za namna hiyo, za miaka ile. Rotor za miaka ya karibu ni nyepesi, na kontrepwa zao pia zina unene mudogo. Hapa njo kuna mutego, Nkambo: kontrepwa ya motere ingine inaingia. Tundu ni ile ile, bulon zote zinakaza. Ukiangalia unasema ni yenyewe, na si yenyewe.

Sasa neno njema. Patron Eugène amepata kontrepwa ya nyuma kule Lubumbashi, ya motere ya miaka ya karibu. Imeingia bila shida. Anasema tofauti ni kidogo, haiwezi kusikika. Kuna bamisionere banataka kuona ndeke, ikiwapendeza itabeba dawa mu vijiji za pembeni ya ziwa, na Patron hataki kubachelewesha. Kwa hiyo usiende kwa Nkambo Tshimanga. Usisumbuke. Samehe nilikukasirisha bure.

Umusalimie Mama Suzanne na mutoto yake munene.

Mujukulu yako,
Noëlla


Likasi, tarehe 18 mwezi ya ine 2024

Noëlla,

Salamu. Mahindi tulivuna, panya walivuna pia. Mabati ya kanisa imerudi lakini haitoshi, sasa kuna jua ku wanaume na kivuli ku wanawake, na wanaume wameanza kusema Mungu hana upendeleo, tubadilishane mahali. Mutoto ya Suzanne bado hajapunguka. Nimemaliza habari.

Barua yako nilisoma mara mbili, ya kwanza na miwani, ya pili na hasira. Ukurasa ya kwanza unasema kontrepwa yenye hailingane inavunja motere. Ukurasa ya pili unasema Eugène ameweka yenye hailingane, usisumbuke. Noëlla, nani aliandika ukurasa ya pili? Mukono ni yako, naijua. Lakini kile kinywa ni ya Eugène.

Unaniambia chuma inaweza kuingia na bulon zikakaza na bado si yenyewe. Ulieleza muzuri, hata minye mwenye niliacha shule mbele ya kugawanya kwa tarakimu mbili nimeelewa. Basi weye mwenye umesoma, ulielewa ulichoandika? Ao uliandika tu ili nitulie?

Umuulize Eugène kama amesahau siku Théodore alimupiga na kitambaa ya mafuta ku shingo juu ya kusema "tofauti ni kidogo". Ilikuwa hapa, ku mulango ya jiko. Nilikuwa nasonga bukari. Eugène alikula ile bukari, akaomba ingine. Maneno hayakuingia lakini bukari iliingia.

Na kuna neno moja hukuandika, nililitafuta mpaka nyuma ya karatasi. Ndeke haipande juu yenyewe. Nani atakaa ndani? Eugène najua anaendesha. Hiyo ndeke iko na viti bili. Kiti ya pili ni ya nani?

Jibu hiyo tu. Usinitumie habari ya vitambaa za Estelle.

Usidanganyike kwamba nimekubali kwenda Tshangalele. Sijakubali. Yule muntu alinifunga kinywa mu kiwanja yangu, mbele ya chungu zangu, na mutu hata moja mu jamaa hakusema neno. Halafu ni minye nimufuate? Eugène ni muzima wa miguu, aende yeye.

Nangoja jibu ya kiti.

Nkambo yako


Kalemie, tarehe 11 mwezi ya sita 2024

Nkambo mupendwa,

Jambo sana. Samehe, nimekawia kuandika, kazi ilikuwa mingi. Natumaini goti imepona na baridi ya mwezi hii si kali kule.

Estelle ameolewa. Sherehe ilikuwa muzuri, bantu walicheza mpaka jirani bakachoka kulalamika. Nakutumia ndakala kavu za ziwa, mufuko moja, Parfait atakupa. Uziweke mahali paka haifike.

Ndeke iko mu ateliye ya Patron, tunaiangalia kidogo. Kila kitu ni sawa.

Samehe mwandiko mubaya, kalamu hii haiandike muzuri.

Noëlla


Likasi, tarehe 30 mwezi ya sita 2024

Noëlla,

Kalamu haina kosa. Mukono njo imevunjika.

Salamu utazipata mwisho ya hii barua kama nitakuwa nimetulia.

Parfait alileta ndakala. Nikamuwekea chakula, nikamuuliza, "Mujukulu yangu anasema kalamu yake ni mubaya, huko Kalemie bamekosa kalamu?" Shofere akitafuna hawezi kudanganya, macho inamusaliti. Akaweka chini ile kipande ya bukari. Akasema: "Mama, minye sikukuambia." Nikamuambia: "Bado hujaniambia, endelea."

Njo hivyo nilijua. Ati mulipanda, Eugène na weye, weye ku kiti ya pili ili usikilize motere. Ati juu kule ndeke ikaanza kutetemeka kama mashini ya kusaga yenye imemeza jiwe, hata muliona vitu bili bili. Ati tuyo ya mafuta ikapasuka, motere ikanyamaza, na mukashuka mu shamba ya mihogo ya wenyewe, na weye ukavunja mukono ya kuume. Na wenye shamba bakakuya kukasirika juu ya mihogo, bakakuta unalia, bakakubeba.

Wenye shamba banajua. Parfait anajua. Estelle alicheza ku ndoa yake na weye uko na plastere ku mukono, anajua. Minye, mwenye nilikubeba mu mugongo kutoka maternite juu mama yako alikuwa hana nguvu, minye napewa samaki kavu na "kila kitu ni sawa". Hizo ndakala sijakula. Zinaniangalia.

Niliuliza kiti ya pili ni ya nani. Ulinijibu kwa kuanguka.

Basi nilienda Tshangalele. Usinishukuru, sikuenda juu ya weye tu, nilienda juu hasira ilikuwa imejaa nyumba na nilitaka kuipeleka pahali.

Tshimanga alikuwa mbele ya nyumba anashona wavu. Akanyanyua macho: "Shemeki. Umepotea njia?"

"Sijapotea. Toa kontrepwa ya Théodore."

"Karibu kwanza. Josée, leta mayi."

"Sikukuya kunywa."

"Basi kaa."

"Sikukuya kukaa."

"Utachoka," akasema, na akarudi ku wavu yake kama vile niko kuku.

Noëlla, nilisimama. Jua inanipiga, bavuvi banapita banajifanya hawaone. Josée, muke yake, akatoka pole pole, akaweka kiti nyuma yangu. Minye sikutaka. Magoti yangu, haya magoti ya usaliti, ikakaa yenyewe.

Nikamuambia: "Ile siku ulisema mujane anakaa kimya. Nilikaa. Mwaka muzima nilikaa. Sasa mujukulu ya kaka yako ameanguka toka juu na mukono imevunjika, juu chuma yenye ilikuwa ya kumushikilia iko kwako. Nikae kimya tena?"

Sindano ya wavu ikasimama. Akauliza: "Noëlla?" Nikasema: "Uko na mujukulu mwingine mekanisiye?" Akauliza kama utapona. Nikasema mifupa itapona, kuhusu akili sijui.

Akaamuka, akanipeleka ku mayi. Kontrepwa ya Théodore ilikuwa mu bwato, imefungwa kamba. Nanga. Ile chuma yenye nkambo yako alikuwa anapangusa na kitambaa laini kama uso ya mutoto, inalala mu matope na samaki. Nilianza kumutukana, na nilikuwa na mengi. Akaniacha nimalize moja ao mbili. Kisha akasema, pole pole: "Shemeki, weye ulibaki na nyumba yake, na kitanda, na batoto. Minye nilibaki na hii. Asubui nikiitupa mu mayi nasemaka, kaka, shika. Na anashika."

Akanifanya nimuhurumie. Hiyo pia ni wizi.

Akafungua kamba mwenyewe. Halafu akauliza bwato yake itashikwa na nini sasa. Nikatoa mu kitunga pasi yangu ya makala ya moto, ile nzito. Nilikuwa nimeibeba toka nyumbani, juu nilijua atauliza. Akaipima ku mukono, akasema inafaa. Sasa naenda kanisani na nguo za mikunjo, na Mama Suzanne ananiangalia, na Mungu anaangalia moyo, kila mutu na kazi yake.

Kuna kitu moja ya kumushukuru hata kama sipendi. Alisema ile chuma wakati ya kwanza ilikuwa inamutesa, haitulie ku kamba, inainama upande moja, bwato inazunguka. Akaipeleka kwa fundi ya byuma hapa Likasi, akakata ule unene. Sasa ukiitundika inakaa sawa kabisa, kama sahani. Nilijaribu mwenyewe ku mulango, haiiname huku wala kule. Kwa hiyo unaipokea ikiwa imetengenezwa tayari.

Nimeifunga mu kikwembe yangu ya kijani, ile ya kujifunga kiunoni. Parfait ameiweka chini ya kiti yake, ameapa.

Mwambie Eugène aiweke mahali yake. Na weye usipande tena mpaka motere ikubali.

Salamu sasa. Mutoto ya Suzanne ameota jino. Ndakala nitakula kesho.

Nkambo yako, mwenye alienda


Kalemie, tarehe 22 mwezi ya saba 2024

Nkambo yangu,

Nakusalimia nikiwa na haya. Naandika na mukono ya kushoto, utavumilia. Nilificha juu nilijua utaogopa, na nilijua utakuwa na haki, na vyote bili vilinizidi.

Parfait alifika. Nilifungua kikwembe pale ku meza ya ateliye. Nilipoiona nililia, Nkambo, kwanza juu ya kufikiri weye umesimama mu jua kwa Tshimanga. Halafu nikaigeuza, nikalia ya pili.

Ule unene wenye alikata njo ulikuwa kontrepwa. Ilikuwa inainama juu lazima iiname. Sasa inakaa sawa kama sahani, na motere haihitaji sahani. Tafazali usimutukane Nkambo Tshimanga, alitaka tu bwato itulie.

Patron Eugène aliiangalia, akaitupa mu pipa ya byuma mubovu. Nilienda kuitoa, iko chini ya kitanda yangu. Akasema tumepoteza wakati ya kutosha, turudishe ile ya Lubumbashi, abadilishe tuyo ya mafuta, na tuendeshe pole pole bamisionere wakikuya, tarehe 24 mwezi ya nane. Nilimuambia hapana. Nilimuambia kuna ateliye moja Lubumbashi yenye inaweza kupima rotor na kontrepwa zote pamoja, na pale penye ile mupya inakosa uzito banaongeza chuma mpaka bilingane. Lakini lazima zote ziende pamoja, rotor bili na kontrepwa bili, mu safari moja. Ukipeleka moja moja ni bure.

Akasema hatuna wakati, na kama minye naogopa, mekanisiye mwingine atafunga motere na kukaa ku kiti ya pili. Ni kijana mwenye ametoka shule juzi. Hajui. Anafurahi.

Nikamuambia: "Rotor si zako, Patron. Ni za Nkambo Hélène, jamaa ilimupa." Akacheka mbele ya bafundi yote. Akasema: "Basi mujane ya Likasi akuye kuzichukua. Atazibeba na nini, na kitunga?"

Motere bado imefunguliwa. Ataanza kuifunga mwanzo ya mwezi ya nane. Nkambo, uniandikie neno moja tu kwamba rotor ni zako na unazikataza. Nitamuonyesha. Sijui kama itatosha.

Noëlla


Likasi, tarehe 2 mwezi ya nane 2024

Noëlla,

Salamu, pona, na mukono ya kushoto inaandika muzuri kuliko ya kuume. Habari zingine utapewa na mwenye analeta hii barua. Parfait anaendesha tu kamyo. Mwenye analeta amekaa pembeni yake, amevaa kofia.

Kuhusu ule unene: minye si fundi ya ndeke, na mutu asinikumbushe nilisema nini ku mulango na ile chuma. Nilienda tena Tshangalele. Nilimusomea Tshimanga barua yako, yote, na mahali ulisema nisimutukane nilisoma kwa sauti ili ajue nimezuiwa. Nilipomaliza, akaamuka. Akaingia ndani. Akatoka na kile kipande yenye ilikatwa, alikuwa amekiweka, akanipa mu mikono bili kama muntu mwenye anarudisha sahani yenye alivunja. Nikamuambia haiunganike tena. Akasema: "Najua. Lakini isilale kwangu." Halafu akaenda kutafuta viatu vyake.

Sasa hii kipande ya chini umusomee Eugène, kwa sauti, mbele ya bafundi yote na mbele ya yule kijana mwenye anafurahi.

Eugène. Ni Hélène. Ulikula kwangu, kwa hiyo nakusalimia. Ulisema mujane akuye kuchukua rotor zake. Mu jamaa hii bamenifundisha kwamba mujane anakaa kimya wakati jamaa inasema. Sawa. Minye nimekaa kimya hapa Likasi. Jamaa njo hii imesimama mbele yako. Mwangalie muzuri: ni mudogo ya Théodore, iko na sura yake, na iko na mikono ya kuvuta wavu. Atatoa rotor zangu bili, kontrepwa ya mbele ya Noëlla, na ile ya Lubumbashi yenye utamupa kwa upole. Atazipeleka kupimwa, ataona zimelingana, na atazirudisha. Bamisionere wakikuya mbele ya hapo, uwaonyeshe mabawa. Bantu ya Mungu wanajua kungoja. Sisi tunaomba na ambrela. Na yule kijana usimukalishe ku kiti ya pili. Yeye pia iko na nkambo pahali, na huyo nkambo haniandikie minye, lakini namusikia.

Imeisha ya Eugène.

Noëlla, mupande kamyo pamoja na Tshimanga. Zote ine muziweke mu sanduku moja, musigawanye bili kwake, bili kwako, hata njia ikiwa mubaya, hata akisema sanduku inamuchokesha. Tulishagawanya ya kutosha.

Mutapita hapa mbele ya kufika Lubumbashi. Nkambo yako Tshimanga atalala mu chumba ya mbele. Nimemuambia, alivua kofia akaivaa tena. Ndakala nimebakisha. Meza nimeitoa bintu yote na kuipangusa, muweke rotor pale pamoja na zingine, pahali Théodore aliziacha.

Sisi tutakula juu ya kitanda.

Nkambo yako,
Hélène